Saratani na moyo unaopiga ovyo: Mizani ngumu ya kuzuia kiharusi

MGONJWA wa saratani aliyevumilia tibakemikali kwa miezi mingi, nywele zikapukutika na mwili ukakonda, huenda akaamka alfajiri moja na kukuta upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, mdomo umekwenda kando na maneno hayatoki. Jamaa zake husema mara moja kwamba saratani imepanda kichwani. Wakati mwingine ni kweli. Lakini wakati mwingine chanzo kiko kifuani: moyo umekuwa ukipiga ovyo kwa wiki kadhaa bila mtu kutambua, damu ikaganda ndani yake, na donge moja likasafiri hadi ubongoni.

Tofauti baina ya hali hizi mbili ni kubwa. Saratani iliyoenea hadi ubongoni ni vigumu kuizuia. Kiharusi kinachotokana na moyo kupiga ovyo, kwa upande wake, ni miongoni mwa maradhi ambayo tembe moja au mbili kwa siku huweza kuyaepusha kwa sehemu kubwa. Taabu ni kwamba tembe hizo hizo humfanya mtu avuje damu kwa urahisi, na mgonjwa wa saratani tayari ana sababu nyingi za kuvuja damu. Hapo ndipo mizani inapokuwa ngumu.

Jambo hili si la watu wa ng'ambo pekee. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha kuwa Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 mwaka wa 2022, na watu zaidi ya 29,000 wakafariki kutokana na maradhi hayo. Nalo shinikizo la damu, ambalo ni kichocheo kikubwa cha moyo kupiga ovyo, lilipatikana kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015. Mzee mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na mara nyingi hutibiwa katika kliniki mbili ambazo hazisomi faili moja.

Moyo unapopapatika

Moyo wenye afya hupiga kwa amri ya kituo kidogo cha umeme kilichoko katika chumba cha juu upande wa kulia. Amri inapotoka, vyumba viwili vya juu hujikamua kwa pamoja, damu ikashuka katika vyumba vya chini, navyo vikaisukuma kuelekea mapafuni na mwilini. Katika ugonjwa ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atiria, amri hutoka kila pembe kwa wakati mmoja. Vyumba vya juu havijikamui tena. Hupapatika tu, mithili ya kuku aliyechinjwa.

Damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo chenye umbo la sikio kilichoshikana na chumba cha juu cha kushoto. Damu isiyotembea huganda kama maziwa yaliyoachwa kibuyuni. Kwa wagonjwa wasio na kasoro ya vali, takriban madonge tisa kati ya kumi yanayopatikana katika chumba hicho huwa yamejificha ndani ya kifuko hicho. Donge likichomoka, njia yake fupi ni ile mishipa inayopanda shingoni kuelekea ubongoni. Utafiti wa mji wa Framingham nchini Marekani, uliochapishwa mwaka wa 1991, ulibaini kwamba mtu mwenye mpapatiko huu yumo katika hatari ya kupata kiharusi mara tano zaidi ya asiyekuwa nao. Isitoshe, viharusi vya aina hii huwa vikali kuliko vingine kwa kuwa donge litokalo moyoni huwa kubwa na huziba mshipa mpana.

Saratani humsogeza mtu karibu na hatari hii kwa njia kadhaa. Upasuaji wa mapafu au wa umio hufuatwa mara kwa mara na mpapatiko wa moyo katika siku chache za mwanzo, na saratani ya umio si ngeni kwetu, hasa katika kaunti za Bonde la Ufa na magharibi. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wa saratani ya matiti huikumbuka hata baada ya miaka, huweza kudhoofisha msuli wa moyo. Ibrutinibu, inayotumiwa dhidi ya baadhi ya saratani za damu, inajulikana kwa mambo mawili yanayogongana: huchochea mpapatiko wa moyo, na papo hapo huongeza uvujaji wa damu. Kutapika na kuharisha nako humwaga madini ya potasiamu na magnesi, ambayo moyo huyategemea ili upige kwa mpango.

Fauka ya hayo, saratani yenyewe huifanya damu iwe nyepesi kuganda. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza uhusiano huo mwaka wa 1865. Miaka miwili baadaye mshipa wake mwenyewe uliziba kwa damu iliyoganda, naye akatambua kilichokuwa kikimsubiri. Alifariki mwaka huo wa 1867 kwa saratani ya tumbo.

Kutambua mapema

Wagonjwa wengine huhisi moyo ukidunda kifuani kama ngoma isiyo na mpigaji mmoja, wakakosa pumzi au wakasikia kizunguzungu. Wengine hawahisi lolote. Uchovu, ambao ndio dalili ya kawaida, hutupiwa lawama saratani au dawa zake, na suala likaishia hapo.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kugundua ni ya bure. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Usisikilize kasi pekee bali mpangilio. Mapigo yanayokimbia, yakasita, yakaruka, kisha yakakimbia tena bila utaratibu wowote yanafaa kuripotiwa siku hiyo hiyo. Uthibitisho hutolewa na kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinachopatikana katika hospitali nyingi za kaunti na ambacho huchukua dakika chache tu. Muuguzi anayempima mgonjwa kabla ya kumtundikia dawa za saratani anaweza kuligundua jambo hili kwa vidole vyake, iwapo hataitegemea mashine pekee. Mashine nyingi za kupima shinikizo husoma idadi ya mapigo na kunyamazia mpangilio wake.

Nani apewe dawa?

Si kila mwenye mpapatiko hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Madaktari hutumia hesabu ya pointi. Moyo kushindwa kufanya kazi vyema huhesabiwa pointi moja, shinikizo la damu moja, kisukari moja, ugonjwa wa mishipa ya damu moja. Umri wa miaka 65 hadi 74 ni pointi moja, na kuanzia 75 ni mbili. Aliyewahi kupata kiharusi huongezewa mbili. Zamani wanawake waliongezewa pointi moja kwa sababu ya jinsia, lakini mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka wa 2024 uliiondoa. Mwenye pointi mbili au zaidi hushauriwa atumie dawa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 70 mwenye saratani ya matiti, shinikizo la damu na kisukari. Ana pointi tatu, na saratani yake haijaongeza hata moja, kwa sababu hesabu hiyo haikutungwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Huu ni upungufu wa wazi. Mwongozo wa kwanza wa Ulaya kuhusu moyo na saratani, uliotolewa mwaka wa 2022, ulijaribu kuuziba kwa kusema kwamba mgonjwa wa saratani mwenye pointi moja tu anafaa kufikiriwa kupewa dawa, na hata yule asiye na pointi yoyote anaweza kufikiriwa, mradi hatari ya kuvuja damu imepimwa kwanza.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Uvimbe ulio wazi ndani ya tumbo, utumbo au kibofu huvuja damu wenyewe, hata kabla ya dawa. Tibakemikali hupunguza chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba majeraha. Kwa kawaida mtu huwa na chembe hizo 150,000 au zaidi katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 50,000, madaktari hupunguza dawa au kutafakari upya. Zikishuka chini ya 25,000, kwa kawaida huisimamisha hadi zipande. Ndiyo maana hesabu kamili ya damu inayofanywa kabla ya kila duru ya matibabu inamhusu daktari wa moyo sawa na inavyomhusu yule wa saratani.

Sumu ya panya na dawa za siku hizi

Dawa kongwe ya tembe ni warfarini, na asili yake ni ya ajabu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoharibika. Mwanakemia Karl Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliitenga kemikali iliyosababisha vifo hivyo, na kutokana nayo ikapatikana warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1948 kama sumu ya panya. Mwaka wa 1954 iliidhinishwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alikuwa miongoni mwa waliopewa. Warfarini hupunguza viharusi vya mpapatiko wa moyo kwa takriban thuluthi mbili.

Ila ni dawa yenye wivu. Haipendi kuchanganywa. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara ili kipimo kiitwacho INR kibaki kati ya 2 na 3. Kikishuka damu huganda, kikipanda damu humwagika. Kapesitabini, tembe ya saratani ya matiti na utumbo, huweza kukipandisha kwa kiwango cha hatari siku chache au miezi kadhaa baada ya kuanza kutumiwa. Tamoksifeni vilevile hukipandisha. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukishusha. Vitamini K iliyomo katika sukuma wiki, mchicha na kunde hupunguza nguvu ya warfarini, na hapa wengi hukosea kwa kuziacha mboga kabisa. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachokaribiana kila wiki. Lakini mgonjwa wa saratani atawezaje kula kiasi kinachokaribiana, ilhali wiki moja anakula na wiki inayofuata kila kitu kinamkinaisha?

Ni kwa sababu hizi dawa mpya zimependwa: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Hazihitaji kipimo cha INR wala hazigombani na mboga. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Katika utafiti mkubwa wa apiksabani uliochapishwa mwaka wa 2011 na kuhusisha wagonjwa 18,201 wenye mpapatiko, waliotumia dawa hiyo walipata viharusi vichache kwa asilimia 21 kuliko wa warfarini, na uvujaji mkubwa wa damu ulipungua kwa asilimia 31. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa hao wote ni 1,236 tu waliokuwa na historia ya saratani, na 157 pekee ndio waliokuwa na saratani hai. Matokeo yao yalifanana na ya wengine, lakini watu 157 ni wachache mno kubeba uamuzi wa mamilioni. Daktari anayekuambia kwamba ana uhakika kamili katika suala hili anakuficha jambo.

Dawa mpya nazo zina masharti yake. Rifampisini huzidhoofisha pia, sawa na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Rivaroksabani ya kuzuia kiharusi lazima imezwe pamoja na chakula. Ikinywewa tumbo tupu, sehemu kubwa hupita bila kuingia mwilini. Dabigatrani hutolewa na figo kwa takriban asilimia 80, kwa hivyo haimfai mtu ambaye figo zake zimeumizwa na sisplatini, na kifuko chake hakifunguliwi. Mgonjwa wa umio asiyeweza kumeza anaweza kusagiwa apiksabani na kupewa kwa mpira wa kulishia, nayo hutegemea figo kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa uvimbe wa tumbo au umio ambao haujaondolewa, tahadhari ni kubwa zaidi: katika tafiti za mwaka wa 2018 kuhusu wagonjwa wa saratani waliotibiwa damu iliyoganda kwenye mishipa, edoksabani na rivaroksabani zilisababisha uvujaji mwingi kuliko sindano za heparini, hasa kwa wenye saratani za njia ya chakula. Sindano hizo hutumiwa wakati mgonjwa anatapika au anapopita kipindi kigumu cha matibabu, ingawa hazina ushahidi wa muda mrefu wa kuzuia kiharusi cha mpapatiko.

Kuna kundi moja ambalo dawa mpya haziwafai, na Kenya inalo kwa wingi: watu ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliharibu vali za mioyo yao. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa wagonjwa hao wanapotumia warfarini au dawa za jamii yake hufariki wachache kuliko wanapotumia rivaroksabani. Mama mwenye vali iliyobana akipata saratani ya kizazi hubaki na warfarini, na kliniki inayosimamia kipimo chake haina budi kujulishwa kila dawa mpya inayoongezwa. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi na kliniki inayoendeshwa na wafamasia, na ni mfano unaostahili kuigwa na kaunti nyingine.

Aspirini si mbadala

Wapo wanaopewa aspirini kwa hoja kwamba ni dawa hafifu, hivyo ni salama. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2011 uliilinganisha na apiksabani kwa wagonjwa wa mpapatiko ambao hawakufaa kupewa warfarini. Viharusi vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopewa apiksabani, ilhali uvujaji mkubwa wa damu haukutofautiana sana baina ya makundi hayo mawili. Maana yake ni kuwa anayetumia aspirini kwa lengo hili hubeba hatari ya dawa bila kupata kinga yake. Miongozo ya sasa haiipendekezi.

Hatari nyingine iko dukani. Maumivu ya saratani huwasukuma wagonjwa kununua brufeni au diklofenaki bila cheti cha daktari, na dawa hizo huchubua tumbo na kuongeza uvujaji kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mofini inayotolewa hospitalini haiingilii kuganda kwa damu, na kuiogopa kumewaumiza wengi bila sababu. Mitishamba iliyokolezwa na vidonge vya kitunguu saumu pia vinafaa kutajwa kwa daktari, bila haya na bila kuogopa kukemewa.

Kabla ya upasuaji au kukatwa kipande cha uvimbe kwa uchunguzi, dawa husimamishwa kwa muda: warfarini siku tano, apiksabani na rivaroksabani siku moja au mbili kulingana na ukubwa wa jeraha, endapo figo zinafanya kazi vyema. Wengi huumia baada ya hapo, kwa kuwa dawa iliyosimamishwa kwa siku mbili hukaa miezi miwili bila mtu kukumbuka kuirejesha. Tarehe ya kuirudia yafaa iandikwe kabla mgonjwa hajatoka wodini. Kwa asiyeweza kabisa kutumia dawa hizi, ipo mbinu ya kukiziba kile kifuko cha moyo kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, lakini gharama yake ni kubwa.

Gharama ni suala hata kwa tembe. Warfarini ni ya bei nafuu, ila nauli na ada ya vipimo huijaza hesabu. Dawa mpya ni ghali lakini hazina safari za kila mara. Familia na iulize waziwazi ni kipi kinacholipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kabla ya kuanza dawa ambayo itakatika mwezi wa pili. Nguvu za dawa mpya huisha mwilini kwa muda wa siku moja au mbili tu, na anayeziruka hubaki bila kinga.

Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma au maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla ni sababu za kwenda hospitalini bila kungoja. Vivyo hivyo uso kulegea upande mmoja, mkono kukosa nguvu au maneno kuvurugika. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na daktari atataka kujua jambo moja kabla ya mengine yote: dawa ya kuzuia damu kuganda ilimezwa mara ya mwisho saa ngapi. Aliyeimeza karibuni kwa kawaida hawezi kupewa dawa hiyo ya kuyeyusha, lakini huenda donge likaondolewa kwa mrija maalum katika hospitali zenye uwezo huo.

Kuna wakati pia wa kuacha. Mgonjwa aliyefikia wiki za mwisho, asiyeweza kumeza na ambaye fizi zake zinatoka damu, hapati faida kubwa kutokana na dawa inayokinga kiharusi cha mwaka ujao. Mazungumzo hayo ni mazito kwa familia, kwani kuacha dawa huonekana kama kumwacha mzee afe. Ni heri yafanywe mapema, mgonjwa angali na kauli yake, mbele ya daktari wa saratani na yule wa moyo, na uamuzi uandikwe katika faili pamoja na tarehe ili daktari wa zamu ya usiku asiirejeshe dawa kwa kutojua.